Maji ya Chumvi Hayaui Kila Kitu

Hotuba kwa wavuvi, akina mama wa kombe na mwani, na walimu wa shule, Mikindani, Mtwara. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa pale mvua ilipopiga bati tukashindwa kusikilizana nikalazimika kurudia.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, habari za tangu asubuhi. Vijana wa ngalawa mliokaa karibu na mlango nawaona, na saa ya maji kupwa naijua, kwa hiyo sitawachelewesha.

Nimeombwa nizungumzie swali moja: kirusi cha ugonjwa kikishaingia baharini, kinaishi siku ngapi? Swali hili kwetu huja na jibu lake mkononi. Uliza hapa Mikindani, uliza Msanga Mkuu, vuka kivuko kule Lindi uende Kitunda, utaambiwa vilevile: bahari haina uchafu, maji ya chumvi yanaua kila kitu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana limeota mizizi. Bahari yetu inaua kweli. Ila haiui kila mahali kwa kasi moja, na pale inapochelewa kuua ndipo hapo hapo tunapopiga magoti kuokota kombe.

Tuanze kwa kutenganisha mambo, maana neno virusi linatisha kuliko inavyostahili. Bahari ina virusi vyake yenyewe tangu kabla ya binadamu. Mwaka 1989 watafiti wa Norway waliyatazama maji ya asili kwa darubini yenye nguvu kubwa, wakahesabu hadi virusi milioni 250 ndani ya mililita moja. Ukimeza funda moja wakati wa kuogelea umemeza virusi mamilioni kwa mamilioni, na jioni unakula ugali wako bila shida. Karibu wote hao kazi yao ni kushambulia bakteria wa baharini. Wewe hawana habari na wewe.

Virusi ninaovizungumzia leo vinatoka mlango mmoja tu, nao ni tumbo la binadamu. Kuna virusi vya rota vinavyoharisha watoto wachanga, ambavyo chanjo yake tunayo nchini tangu 2013. Kuna virusi vya noro, vya kutapika na kuhara kwa watu wazima. Kuna homa ya ini aina ya A, ile inayogeuza macho kuwa manjano. Kuna virusi vya adeno, navyo vya kuharisha. Kuna polio; mnakumbuka mwaka 2022, baada ya ugonjwa kuonekana Malawi, watu wa chanjo walipita nyumba kwa nyumba na wengine mkawauliza mtoto aliyekwisha chanjwa anadondoshewa tena matone ya nini. Vyote hivi vinatoka na choo kikubwa, na vinaingia kwa mdomo. Bahari hapo katikati ni njia tu.

Na msivichanganye na kipindupindu. Yule ni bakteria, na ana ujanja ambao kirusi hana: anaweza kukaa kwenye maji ya chumvichumvi ya midomo ya mito, akajishikiza kwenye vijidudu vinavyoelea, akazaana humo bila kumhitaji mtu. Kirusi cha tumboni kikishatoka mwilini hakizai tena. Idadi iliyotoka chooni ndiyo hiyo hiyo, na kuanzia pale ni kupungua.

Tatizo ni hiyo idadi ya kuanzia. Gramu moja ya kinyesi cha mtoto anayeharishwa na rota inaweza kubeba virusi hadi bilioni 100. Na kumwangusha mtu mwingine, virusi visivyofika 100 vinaweza kutosha. Shikeni namba hizo mbili, kwa sababu hesabu yote inasimama juu yake.

Wataalamu hawapimi siku ambayo kirusi cha mwisho kimekufa. Wanapima muda unaotosha virusi 9 kati ya 10 kupoteza nguvu ya kuambukiza. Tuseme katika maji fulani muda huo ni siku 2, na tuanze na virusi milioni moja. Baada ya siku 2 vimebaki laki moja. Siku ya 4, elfu kumi. Siku ya 6, elfu moja. Siku ya 8 bado viko 100, yaani bado vinatosha kumuuguza mtu. Mtu akikuambia asilimia 90 imekwisha kufa, muulize alianza na ngapi. Halafu hesabu yangu hii ni ya upole, maana virusi huweza kugandana kwa makundi, vile vya ndani vikalindwa na vya nje, na mwisho wa mkia ukavutika kuliko mwanzo ulivyoahidi.

Sasa siku ngapi hasa? Mwaka 1980 wataalamu walikusanya vipimo vilivyokwisha fanywa juu ya jamii ya virusi vya polio na ndugu zake katika maji ya bahari. Jibu lilitoka siku 2 hadi siku 130. Najua mwalimu pale mbele anacheka, anasema huo ni mchezo wa kubahatisha. Hapana. Waliopima walikuwa wanapima sawasawa. Maji ndiyo yalikuwa tofauti. Maji baridi na ya giza yanahifadhi kirusi kwa miezi. Maji ya uvuguvugu yenye jua yanakimaliza kwa siku chache.

Joto ndilo la kwanza. Bahari yetu hapa haishuki sana chini ya nyuzi 25 hata kusi ikikaza mwezi wa Agosti, na mwezi wa Machi inakaribia 30. Kwa kirusi huo ni moto wa polepole. Ganda lake ni protini, na protini inalegea. Kwa hiyo yule wa Ulaya anayesoma kwamba homa ya ini inadumu miezi baharini anasoma habari za bahari yake. Asitutishe nayo bila kipimajoto.

Jua ni la pili, na ndilo lenye nguvu kuliko yote pale linapofika. Mionzi ile inayochubua pua ya mvuvi inakatakata urithi, yaani vinasaba, ulio ndani ya kirusi. Kwenye maji maangavu juu ya mchanga mweupe, saa sita mchana, kazi ya siku inaweza kufanyika kwa saa chache. Adeno ni mkaidi kidogo hapa kuliko wenzake. Lakini nasema pale linapofika. Kwenye maji ya tope mionzi hiyo haipiti hata shubiri moja, na usiku hakuna jua kabisa.

La tatu wengi hawalitegemei. Ukichukua maji ya bahari ukayachemsha yakapoa, ukatia kirusi, kitadumu zaidi kuliko katika maji yaliyochotwa hivi sasa. Chumvi ni ileile kwenye vyombo vyote viwili. Kilichopungua ni uhai: bakteria na vijidudu vya baharini vinavyotoa vimeng'enya na kulitafuna ganda la kirusi. Kumbe kazi tuliyokuwa tunaisifia chumvi, sehemu kubwa inafanywa na bahari iliyo hai. Chumvi peke yake ni muuaji mvivu.

Na virusi wenyewe hawalingani. Korona ina koti la mafuta, na koti hilo ndilo udhaifu wake. Sabuni inalivua, na majini haikai sana. Homa ya ini aina ya A haina koti hilo. Ina ganda gumu linalopita kwenye asidi ya tumbo likatoka upande wa pili salama. Hilo nitalirudia tukifika kwenye ndimu.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema basi, joto tunalo, jua tunalo, bahari yetu iko hai, hadithi imekwisha. Ingekuwa imekwisha kama tungekuwa tunaokota kombe juu ya mchanga mweupe saa sita mchana. Twendeni kwenye mikoko.

Mnajua kijito kikishuka na mvua kinabeba udongo. Maji yake hayana chumvi, na yamepita nyuma ya vyoo vingapi, Mungu ndiye ajuaye. Kikikutana na maji ya chumvi, udongo ule unagandana na kuzama. Kirusi nacho kina tabia hiyohiyo: chumvi inakifanya kipende kushika kwenye chembe za udongo. Kwa hiyo chumvi tuliyodhani inakiua, pale kwenye mdomo wa kijito inakilaza kitandani. Ndani ya tope hakuna jua. Kimejibanza kwenye chembe, vimeng'enya havikifikii vizuri. Wazee walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Na tundu dogo la tope ni nchi nzima kwa kirusi. Humo kinadumu zaidi kuliko kwenye maji yaliyo juu yake, ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji ya kijito, akayapima, akakuta ni masafi, na tope chini yake likawa na mengine. Bamvua likija, au mtu akichimbua kwa mkono na jembe, tope linatibuka na virusi vinapanda tena.

Na nani anakaa kwenye tope hilo? Kombe. Na juu ya mizizi ya mikoko, chaza.

Hawa viumbe hawana meno wala hawawindi. Wanavuta maji, wanachuja, wanameza kilichobaki. Chaza mmoja mkubwa anachuja lita kadhaa kwa saa moja, usiku na mchana maji yanapokuwa juu yake. Kwa hiyo maji yenye virusi vichache sana, vya kutomdhuru muogaji, yanaweza kumtengenezea chaza mzigo ulio mara mia na zaidi ya ule uliomo majini. Virusi vya noro hata vinanata kwenye nyama ya utumbo wake. Kwake si ugonjwa, hana habari navyo. Wewe unamla mzima, pamoja na huo utumbo. Samaki tunampasua na kutupa matumbo, ndiyo maana changu na tasi sina neno nao leo.

Mji wa Shanghai, China, ulijifunza hili vibaya mwanzoni mwa 1988. Watu walikula kombe, jamii moja kabisa na hawa wetu wenye mistari, waliotoka pwani iliyochafuliwa na majitaka. Desturi ya pale ilikuwa kuwamwagia maji ya moto tu wafunguke, kisha kuwala na mchuzi. Katika wiki chache watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A. Laki tatu, kwa chakula kimoja.

Kuna jambo katika habari ya Shanghai ambalo mimi naona linatuhusu kuliko hiyo laki tatu yenyewe. Wengi wa walioumwa walikuwa vijana wa miaka 20 hadi 39. Wazee wengi walinusurika kwa sababu walikuwa wameupata ugonjwa utotoni, enzi za uchafu zaidi, na ukishaupata mara moja huugui tena. Mtoto mdogo akiupata mara nyingi haonyeshi hata dalili. Kwa hiyo mzee wangu anaposema, "mimi nimekula kombe wa kijito hiki tangu nina meno ya maziwa sijafa," anasema kweli tupu. Lakini mjukuu wake aliyelelewa kwenye nyumba yenye choo cha kumwagia maji na maji ya bomba, akija likizo akala sahani ileile, ana kinga tofauti. Kadiri tunavyosafisha nyumba zetu na kuuacha ufuko vilevile, ndivyo tunavyolea vijana watakaoumwa sana wakiwa watu wazima.

Na hatutajua kilichowaumiza. Noro inajitokeza ndani ya siku moja au mbili, hapo utamlaumu kombe. Homa ya ini inachukua wiki 2 mpaka 7, kwa kawaida kama wiki 4. Nani anakumbuka alikula nini wiki 4 zilizopita? Atasema karogwa.

Sasa ndimu. Najua kuna wanaofungua chaza palepale mwambani, ndimu, pilipili, chumvi kidogo, wanateremsha. Nimeshasema kirusi cha homa ya ini kinapita kwenye asidi ya tumbo la binadamu kikiwa kizima, na asidi hiyo ni kali kuliko ndimu yoyote ya Mtwara. Ndimu ni kiungo. Pilipili ni kiungo. Kinachokiua ni moto, na moto wenyewe una kipimo: ndani ya nyama yenyewe, joto lifike nyuzi 90 likae hapo sekunde 90. Ganda kufunguka si alama ya kuiva. Linafunguka mapema zaidi ya hapo, na Shanghai iliumwa na kombe waliofunguka. Mkishawafungua, toeni nyama, irudisheni kwenye chungu ichemke kweli kweli dakika kadhaa, ndipo muiweke kwenye nazi. Itakuwa ngumu kidogo. Tafuneni.

Nije kwenye chanzo, hapa nitasema kwa ukali kidogo na mwenyekiti anisamehe. Nyumba nyingi za mwambao huu zina choo cha shimo au karo, na chini yake ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Tunajisifu kwamba shimo halijai. Halijai kwa sababu linavuja. Huko Marekani, kwenye kisiwa cha Key Largo, Florida, ambako nyumba zimekaa juu ya mwamba wa aina hiyohiyo, watafiti walimimina kwenye choo cha karo virusi visivyomdhuru mtu ili wafuatilie njia yake. Matokeo waliyochapisha 1995 yalionyesha virusi vilitokea kwenye mfereji wa bahari baada ya muda wa saa 11, na siku moja haikuisha vikaonekana baharini karibu na pwani. Kirusi kinachohitaji siku kadhaa kufa kinafika majini kabla ya kesho yake asubuhi. Choo kisichojaa mita chache kutoka ufukweni kinajaza kwa jirani.

Halafu kuna kutapisha. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mtu anatoboa tundu chini ya shimo, mambo yanakwenda na maji ya mvua, anasema Mungu amesaidia. Mvua zetu za kusini huanza Novemba au Desemba. Ndipo maji yana joto, kweli, ila yana tope, jua halipenyi, na mzigo wa miezi yote ya kiangazi unateremka kwa siku moja. Wakati wa kusi maji ni ya baridi zaidi, lakini mvua hakuna, vijito vimekauka, maji maangavu. Mtu wa maabara anayeangalia joto peke yake angesema Desemba ni salama kuliko Julai. Kwenye kijito cha mikoko mimi nachagua Julai.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za ufuko ni moja tu, nimeacha mengine kwa makusudi: mvua kubwa za mwanzo zikipiga, kijito kinachopita katikati ya makazi kifungwe kuokotwa kombe na chaza kwa wiki chache, kama tunavyofunga miamba ya pweza na kuifungua. Wenye kutegemea kombe waelekezwe kwenye fungu za nje zinazooshwa na bahari kuu kila maji yanapojaa. Hili halihitaji fedha za mtu. Na diko la samaki lisilo na choo linajua lenyewe wavuvi wanakwenda wapi alfajiri. Samaki akishasuuzwa kwa maji ya hapohapo ufukweni, tumemrudishia alichokuwa hana.

Mwalimu ameniandikia kikaratasi: je, maji si yapimwe tu? Yapimwe, sawa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kuogelea ya bahari kinahesabu bakteria wa tumboni waitwao enterokoka. Daraja bora ni wasiozidi 40 katika mililita 100, na wakivuka 500 pale ni mahali pa kukimbia. Lakini bakteria hao hufa mapema kuliko virusi wengi. Wakiwa wengi, amini kuna uchafu. Wakiwa hawapo, usiape. Na kile kipimo cha kutafuta urithi wa kirusi chenyewe kina kasoro ya upande wa pili: kinaona hata mzoga. Kirusi kimekufa juzi, vipande vyake bado vinaelea, mashine inasema kipo. Virusi vya noro ndivyo vilivyosumbua zaidi, kwani hadi 2016 hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuvikuza maabara kujua kipi kizima na kipi mzoga.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika moja. Mama mmoja wa kombe aliuliza: "Mwanangu, sisi tukiwaokota tunawalaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji safi ya bahari watapike mchanga. Hayo maradhi hayatoki na mchanga?"

Nikamjibu: mama, mchanga unatoka, na bakteria wengi wanatoka pia. Nchi zinazouza chaza hufanya hivyohivyo kwa matangi maalumu, siku mbili hivi, na bakteria wanapungua vizuri. Virusi havitoki kwa mwendo huo. Vingine hubaki kwa wiki. Endelea kuwalaza kwa ajili ya meno yako, ila kile chungu cha pili cha kuchemshia nyama kibaki palepale. Na hayo maji ya ndoo usiyamwage karibu na mnapooshea vyombo na kukatia kachumbari.